Klia Inapobanduka kwenye Rimu za Aloi: Kutafuta Chanzo kabla ya Kushika Msasa

Rimu nyingi za aloi, yaani za alumini iliyochanganywa na vitu vingine, zinazoletwa mezani kwangu zikiwa zimebanduka klia zimekwisha kupita kwa fundi mmoja au wawili, na kilichofanyika huko ni kilekile: sehemu iliyobanduka ilikwanguliwa, ikapuliziwa klia nyingine juu yake, ikang'aa kwa miezi mitatu au minne, kisha ikabanduka tena mahali palepale na kula nafasi kubwa zaidi. Si kwamba mafundi hao hawajui kupuliza. Klia inayobanduka huwa haijaharibika kwa juu, bali imeachiliwa na metali iliyo chini yake, na metali hiyo isiposhughulikiwa, hata klia ya bei ya juu kuliko zote dukani itaachiliwa vilevile.

Kwa asiyeifahamu, klia ni tabaka la mwisho lisilo na rangi, linalofunika ama rangi ya fedha ama alumini tupu iliyochongwa kwa mashine. Kazi yake ni kuzuia maji, chumvi na vumbi la breki visiifikie metali. Unene wake kwa kawaida ni kati ya maikroni (sehemu za elfu za milimita) 40 na 60, haufiki hata unene wa unywele wa watu wengi. Tabaka jembamba namna hiyo likitobolewa na jiwe moja la barabarani, maji yamekwisha kupata mlango.

Vipimo vya kufanya kwanza

Osha rimu kwa sabuni ya maji isiyo kali, iache ikauke, kisha ipime kabla hujanunua chochote. Anza na sumaku. Ikinata, rimu hiyo ni ya chuma na mengi ya yanayofuata hapa hayaihusu. Hakikisha pia kwamba haikupakwa kromu, kwa sababu kromu inayobanduka hutoka kama magamba yenye makali ya wembe, na chini yake kuna nikeli ambayo dawa ya kutolea rangi haiigusi kabisa. Hiyo ni kazi ya karakana ya kupaka metali, usiijaribu nyumbani.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha maji, na hakigharimu kitu. Mwagia maji sehemu iliyofifia na uitazame ikiwa bado imelowa. Ukungu ukitoweka wakati wa maji na kurudi yanapokauka, uharibifu uko juu ya klia: ni mikwaruzo midogo ya brashi na mchanga, ambayo maji huijaza kwa muda ikawa kama haipo. Rimu ya hivyo haihitaji kuvuliwa klia, inahitaji msasa wa maji namba 2000 na polishi. Ukungu ukibaki palepale chini ya maji, basi uko chini ya klia, na hakuna polishi duniani itakayoufikia. Nimewahi kumkuta kijana aliyesugua rimu moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, akaimaliza klia nzima iliyokuwa bado inashika, na ule ukungu ukabaki kama alivyoukuta.

Kisha lowesha kitambaa cheupe kwa thina ya rangi za magari na ukibonyeze kwa dakika moja upande wa nyuma wa rimu, mahali pasipoonekana. Klia ikilainika na kunata kidoleni, ni ile ya kopo la kupulizia isiyo na hadina (kimiminika kinachochanganywa na klia ili ikomae na kuwa ngumu), na karibu daima imewekwa na mtu baada ya rimu kutoka kiwandani. Isipotikisika, ni klia ya kiwandani, au ya kuchanganywa na hadina, au ya unga uliopulizwa mkavu kisha ukaokwa. Jibu hilo lihifadhi, kwa sababu litakuambia baadaye kwa nini dawa inafanya kazi upesi au haifanyi, na kwa nini klia mpya inakunjamana.

Mwisho, mahali panapoonekana pazima, chora kwa wembe vyumba vidogo vya milimita 2 hivi, bandika utepe wenye gundi kali, uung'oe kwa mkupuo mmoja. Vyumba vikitoka na utepe, klia hiyo imekwisha kuachia ingawa bado inang'aa. Usiitie kiraka. Ivue yote.

Mistari myeupe inayotambaa chini ya klia

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote katika magari ya pwani, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Ukiitazama kwa karibu utaona nyuzi zisizofika upana wa nusu milimita, zinazopindapinda kama njia za mchwa ukutani, na kila uzi una kichwa chake. Kichwani ndiko kutu inakokula sasa hivi. Mkia wa nyuma ni unga mweupe uliokwisha kukauka. Maji yenye chumvi yanapoingia kwenye tundu la klia, hewa huwa haba kichwani na hupatikana zaidi mkiani, na tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma kutu mbele chini ya klia nzima. Kutu hii hustawi pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65 hivi na chumvi ikawepo. Hewa ya Tanga, Dar es Salaam au Mombasa huipa vyote viwili kila siku, ndiyo maana gari la Dodoma linaweza kukaa miaka na mchubuko uleule bila kutokewa na lolote la kutisha.

Kwa magari yaliyoagizwa yakiwa yametumika Japani kuna jambo la kuongeza. Barabara za Hokkaido na za kaskazini mwa Honshu humwagiwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo gari linaweza kushuka bandarini likiwa safi machoni huku mbegu ya kutu ikiwa imekwisha kupandwa kwenye kingo za rimu na kuzunguka matundu ya nati.

Rimu zinazoathirika zaidi ni zile zenye uso uliochongwa kwa mashine ukaachwa na mng'ao wa alumini yenyewe. Hapo klia imekaa moja kwa moja juu ya metali bila praima (tabaka la kwanza la kushika na kulinda metali) wala rangi kati yake, kwa hiyo tundu moja likipatikana hakuna kingine cha kuzuia.

Mwaka fulani nililetewa rimu nne za inchi 15 kutoka Kigamboni. Mwenye gari aliilaumu sabuni ya mahali anapooshea. Nilipozipanga sakafuni niliona kwamba katika kila rimu mistari ilianzia ukingoni, penye urefu wa vidole viwili hivi, kisha ikatawanyika kuelekea katikati. Sabuni haichagui vidole viwili. Tulipogeuza rimu kwenye mwanga tukaona alama ya klipu ya kizito cha balansi, ile ya chuma inayogongwa kwa nyundo kwenye ukingo. Klipu ilikuwa imekata klia, na chini yake maji yalikuwa yakikaa bila kukauka. Rimu zile zilipakwa upya, na fundi wa balansi akaombwa abandike vizito vya gundi upande wa ndani. Usipoliondoa jambo la namna hiyo, utampakia mteja yuleyule kila mwaka.

Tiba yake haina njia ya mkato. Vua klia ya uso mzima, kisha fuata kutu yenyewe kwa msasa namba 180, halafu 240, halafu 320, na uende angalau sentimita 2 kupita mahali ambapo jicho linaona imeishia. Vitundu vilivyobaki na unga mweupe visuguliwe kwa brashi ya nailoni na kisafishaji cha asidi ya fosforasi kilichotengenezwa kwa ajili ya alumini, kisha rimu isuuzwe kwa maji mengi na ikaushwe kwa hewa hadi ndani ya matundu ya nati. Usitumie steliwulu wala brashi ya waya iliyowahi kugusa chuma, kwa kuwa huacha chembe za chuma ndani ya alumini, na chembe hizo zitatoa kutu ya kahawia chini ya kazi yako mpya.

Baada ya hapo saa inahesabu. Alumini ikikwanguliwa huanza kujifunika oksidi mara hiyohiyo, na hewa yenye chumvi huongeza uchafu wake juu. Mimi sikubali metali tupu ikae zaidi ya saa 4 kabla ya praima, na sikwangui jioni kazi ya kupuliza asubuhi. Praima ya epoksi ndiyo ngao halisi hapa. Klia ni ya kulinda rangi na kuleta mng'ao. Ukitumia praima ya asidi, soma karatasi ya mtengenezaji kabla ya kuweka epoksi juu yake, kwa sababu asidi iliyobaki inaweza kuizuia epoksi isikomae.

Wapo wanaotaka uso uliochongwa urudi kama ulivyokuwa. Inawezekana kwa mashine ya kuchonga, lakini kila mchongo hupunguza metali, hivyo haurudiwi mara nyingi, na ukimaliza unarudisha klia juu ya alumini tupu ileile iliyoshindwa mara ya kwanza. Kwa gari linalolala karibu na bahari ushauri wangu ni rangi ya fedha juu ya epoksi, na humweleza mteja hivyo hata pale anapotaka kusikia jingine.

Klia inatoka vipande vipana kama karatasi

Kipande kikitoka kizima, kikiwa laini upande wa chini na kikiacha rangi nzima bila unga mweupe, hiyo si kutu, ni klia iliyokosa mshiko. Kigeuze kipande hicho na ukitazame. Kikiwa na chembechembe za rangi, rangi ya chini ilikuwa na unga kwa sababu ilipulizwa kavu mno. Kikiwa kisafi kama kioo, klia iliwekwa juu ya uso uliokuwa unateleza, ama kwa sababu klia ya zamani haikukwanguliwa, ama kwa sababu rangi iliachwa siku nyingi mno kabla ya kufunikwa. Klia ya zamani iliyopita kipimo cha utepe inaweza kubaki, mradi ikwanguliwe yote kwa msasa namba 800, hata kwenye kona za spoku ambako mkono hauendi kirahisi. Kubanduka kwa namna hii huanzia kwenye kona hizo mara nyingi kuliko mahali pengine popote.

Madoa ya kahawia na klia iliyogeuka njano

Vidoa vidogo vya kahawia vinavyokwaruza kidole ni chembe za breki zilizorushwa zikiwa za moto zikajichimbia kwenye klia. Dawa ya kuondolea chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau ikizigusa, huzitoa bila kudhuru klia nzima, mradi rimu iwe imepoa na dawa isiachwe ikauke. Njano ya jumla ni uzee wa klia kwa jua na joto. Hiyo huondoka na klia yenyewe.

Matatizo wakati wa kuvua klia

Dawa ya kutolea rangi ikipakwa na isifanye lolote baada ya nusu saa, kumbuka kipimo cha thina. Klia ya unga na ya hadina hazilainiki upesi. Zikwangue kwanza kwa msasa namba 80 ili dawa ipate pa kuingilia, ipake nene bila kuisugua, kisha funika kwa nailoni isikauke. Itarudiwa mara mbili au tatu, na hilo ni la kawaida.

Dawa kali za zamani zilifanya kazi kwa dakika chache kwa sababu zilikuwa na diklorometani. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake wa rejareja kwa ajili ya kutolea rangi mwaka 2019, baada ya watu kufa kwa mvuke wake ndani ya vyumba visivyo na hewa. Mwilini kemikali hiyo hugeuka kuwa monoksidi ya kaboni, na glavu za kawaida za mpira haziizuii kwa muda wa maana. Makopo yake bado yanapatikana madukani. Soma lebo, na kama ndiyo pekee uliyopata, fanya kazi nje penye upepo, kamwe si ndani ya kontena wala chumba cha nyuma cha gereji.

Metali ikigeuka kijivu cheusi baada ya kuvuliwa, mtu ametumia kostiki soda au dawa ya kuzibulia mifereji. Soda hiyo huiyeyusha alumini yenyewe, hutoa haidrojeni inayoshika moto, na huacha weusi wa silikoni iliyomo ndani ya aloi ya rimu. Suuza kwa maji mengi sana, ondoa weusi kwa msasa, na ukague kingo kwa makini kabla ya kuamua kama rimu bado inafaa barabarani.

Usichome klia kwa moto wa gesi. Rimu nyingi za kumiminwa zimepewa nguvu zake kiwandani kwa kupashwa joto kwa kipimo maalumu, na moto usiopimwa huziondoa nguvu hizo bila kuacha alama yoyote ya kuonekana. Nikisikia rimu imechomwa, siipaki. Upigaji wa mchanga nao una hasara zake: mchanga mkubwa wenye mgandamizo mkali huacha uso wenye mashimo, na vumbi lake la silika huharibu mapafu moja kwa moja. Chembe za kioo kwa mgandamizo wa chini ni salama zaidi kwa metali, ingawa vumbi lolote linahitaji barakoa ya kweli.

Klia mpya yenye kasoro

Vijicho vya duara, ambavyo klia inavikimbia kama maji yanavyokimbia mafuta, vinatokana na silikoni ya mafuta, si ile iliyomo ndani ya aloi, na katika rimu chanzo chake kina jina: dawa ya kung'arishia tairi. Huruka, hujificha kwenye matundu ya nati na ukingoni, na kitambaa kilichowahi kuifuta huisambaza kila mahali. Safisha kwa kiondoa mafuta kabla ya msasa, maana ukipiga msasa kwanza unaipigilia silikoni ndani ya mikwaruzo. Tumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine cha kufutia kabla kiondoa mafuta hakijakauka. Vijicho vikitokea, usiongeze klia juu yake ukitumaini vitajaa. Subiri ikauke, kwangua, safisha upya.

Ukungu mweupe unaotokea dakika chache baada ya kupuliza ni maji ya hewani yaliyonaswa. Kanuni ya wapakaji ni kwamba joto la metali liwe juu ya kiwango cha umande (joto ambalo maji ya hewani huanza kuganda kuwa matone) kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Wakati wa masika, asubuhi za pwani nyingi hazifiki hapo, kwa hiyo subiri saa nne au saa tano jua likishapasha metali, na umwage maji ya tangi la kompresa kabla ya kuanza. Yasipomwagwa yatatoka kwa njia ya bunduki ya rangi.

Vitundu kama vya pini vina vyanzo viwili. Kama vimetapakaa uso mzima, mkono wa pili uliwekwa kabla thina ya mkono wa kwanza haijatoka, au rimu ilianikwa juani ikafunga ngozi juu huku ndani kukiwa kubichi. Kama viko mahali pamoja na hurudi hapohapo kila ukipaka, ni vinyweleo vya metali yenyewe vinavyotoa hewa. Ipashe rimu joto kidogo, iache ipoe, kisha vijaze kwa praima.

Klia inayokunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka ni thina kali iliyowekwa juu ya rangi ya kopo iliyokomaa nusu. Hakuna cha kuokoa hapo ila kuivua. Klia inayobaki laini baada ya siku tatu karibu kila mara ni kosa la vipimo. Kama mtengenezaji anasema sehemu 2 za klia kwa 1 ya hadina, pima kwa kikombe chenye mistari, usikadirie kwa jicho, na kwa joto la nyuzi 30 chagua hadina ya polepole. Hadina hiyo ina isosianati, ambayo husababisha pumu isiyopona kwa mtu aliyekwisha kuathirika. Kitambaa cha puani hakisaidii chochote. Tumia barakoa yenye vichujio vya mvuke vilivyo vipya, na bora zaidi ile inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Baada ya rimu kurudi garini

Tairi likipoteza upepo polepole baada ya kazi, rangi imerundikana mahali tairi linapokaa ndani ya rimu, au kutu ya hapo haikusafishwa. Paka sabuni ya povu ukingoni utafute mapovu, kisha tairi livuliwe na ukingo huo usuguliwe hadi uwe laini.

Nati zikilegea, angalia rangi kwenye viti vyake na kwenye uso wa nyuma unaogusa habu (kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake). Sehemu hizo mbili huzibwa kwa utepe kabla ya kupuliza, kwa sababu rangi nene hubanwa, hupungua unene, na nati hukosa mkazo. Kama zilipakwa, kwangua rangi hiyo hadi metali kabla gari halijatoka tena. Funga kwa spana ya kupimia, kwa magari mengi madogo ya Toyota ni nyutoni mita 103, kwa mtindo wa nyota, kisha kaza upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Klia ya hadina iachwe siku 7 kabla ya kuoshwa kwa sabuni yoyote, na katika siku hizo dawa ya tairi isiguse rimu kabisa.